Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay: Stesheni ya Masasi itajengwa kwa ajili ya nani?

Na Mwandishi Wetu

KATIKA Wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi, ipo kata inayoitwa Stesheni. Mgeni atakayefika hapo na kuulizia ratiba ya treni atachekwa, kwani reli ya sehemu hizo ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Jina limebaki. Wanaoikumbuka treni yenyewe ni wazee ambao wakati huo walikuwa watoto.

Kata hiyo inastahili kutajwa kwa sababu mikoa ya kusini imerudi tena kwenye mazungumzo ya reli. Safari hii ni reli ya kisasa kutoka Bandari ya Mtwara hadi Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, pamoja na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga wilayani Ludewa. Jumla yake ni takriban kilomita 1,000. Kampuni ya Dohwa ya Korea Kusini ilishafanya upembuzi yakinifu na usanifu wa awali, na tangu hapo hotuba za bajeti za wizara inayohusika na uchukuzi zimekuwa zikieleza kwamba mradi utatekelezwa kwa ubia kati ya Serikali na sekta binafsi.

Mjadala umeelemea kwenye fedha: mwekezaji ni nani, atakuja lini, atalipwaje. Ni mjadala wa lazima, lakini umeficha suala jingine ambalo kwa wakazi wa Masasi na Newala ndilo litakaloamua kama reli ni yao au ni ya wapita njia. Suala hilo ni stesheni. Kwa mji wa Masasi itakaa wapi, itakuwa na ukubwa gani, na wananchi wa Newala, walioko juu ya uwanda wa Makonde, wataifikiaje?

Wapo watakaosema swali hili ni la mapema mno, kwa kuwa hata taruma moja halijalazwa. Ukweli ni kinyume chake. Mahali pa stesheni huamuliwa kwenye michoro. Tuta likishamwagwa na mkataba ukishatiwa saini, kuihamisha stesheni kilomita tano tu ni gharama ambayo hakuna mwekezaji atakayekubali kuibeba.

Masasi si mgeni wa reli. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, ikalenga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa upande wa kusini hapakuwa na bandari ya kina kirefu wala njia ya kusafirisha karanga, hivyo vyote viwili vikaanza kujengwa. Mwaka 1949 reli ilikuwa imefika Nachingwea kutoka Mkwaya, kwenye hori ya Lindi. Kipande cha kutoka Mtwara kilikuja kuungana na njia hiyo eneo la Ruo, na bandari ya Mtwara ikafunguliwa mwaka 1954.

Kufikia wakati huo karanga zilikuwa zimekwisha kuwa historia. Mpango ule ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kula takriban pauni milioni 36. Bandari na reli vilikamilika miaka mitatu baada ya kufa kwa shehena vilivyojengewa. Mwaka 1958 njia ilirefushwa kutoka Chilungula hadi Masasi, kwa matumaini kwamba mazao ya wakulima wa kawaida yangeziba pengo la karanga. Hayakuziba. Reli ikaendeshwa kwa hasara hadi ilipofungwa mwaka 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru. Masasi ilikuwa na stesheni kwa takriban miaka minne tu.

Lawama za kushindwa huko huelekezwa kwa karanga, na ni kweli karanga zilishindwa: mvua zilikuwa chache, udongo ulikuwa mgumu, mitambo iliharibika. Lakini kuna kosa la pili ambalo halizungumzwi sana. Reli ile ilipangwa kutoka kwenye shamba moja hadi kwenye bandari moja. Mkulima wa Newala au Tandahimba, ambako watu walikuwa wengi na mikorosho ilikuwa imeanza kushika kasi, hakuwa katika hesabu. Shehena kuu ilipokufa, hapakuwa na shehena ya pili iliyokwisha kuzoea kupanda treni.

Sasa tazama mradi wa leo. Unahesabiwa kwa makaa ya mawe ya Mchuchuma, yanayokadiriwa kufikia tani milioni 428, na chuma cha Liganga, tani milioni 126. Madini hayo yamekuwa yakisubiriwa kwa muda mrefu. Mwaka 2011 Shirika la Taifa la Maendeleo (NDC) liliingia mkataba wa ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China kwa ajili ya kuyachimba, na mradi huo ukakwama kwa miaka mingi. Hakuna anayepinga kwamba reli ya kilomita 1,000 inahitaji shehena nzito ya kuilipia. Hoja ni kwamba reli iliyopangwa kwa shehena moja iko katika rehema ya shehena hiyo, na kusini mwa Tanzania ndiko ambako jambo hili lilishaonekana kwa macho.

Tofauti ya sasa na mwaka 1958 ni kwamba safari hii shehena nyingine ipo, na haihitaji kubuniwa. Inapita Masasi mchana na usiku ikiwa juu ya malori.

Ya kwanza ni makaa ya mawe yenyewe, yale ya Ngaka mkoani Ruvuma, ambayo kwa miaka kadhaa yamekuwa yakisafirishwa kwa barabara ya Songea, Tunduru na Masasi kwenda kiwanda cha saruji cha Dangote mkoani Mtwara, kilichozinduliwa mwaka 2015. Kuanzia mwaka wa fedha 2021/22 makaa yakaanza kwenda pia nje ya nchi kwa wingi kupitia Bandari ya Mtwara, na idadi ya malori ikaongezeka kwa kasi. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari (TPA) imelazimika kupanga bandari nyingine eneo la Kisiwa Mgao kwa ajili ya mizigo michafu ya aina hiyo, ili vumbi lake lisichanganyike na korosho.

Ya pili ni korosho. Katika msimu wa 2024/25 uzalishaji wa nchi ulivuka tani 500,000, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kufikiwa, na sehemu kubwa ilitoka Mtwara na Lindi. Korosho hizo hukusanywa na vyama vya msingi, hupelekwa kwenye maghala makuu kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007, huuzwa kwa mnada chini ya vyama vikuu vya TANECU na MAMCU, kisha mnunuzi huzipeleka bandarini. Kila hatua kati ya hizo ni lori. Yeyote aliyeshuhudia Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho zote na malori ya jeshi yakaingia kazini, atakumbuka jinsi usafiri ulivyokuwa nusu ya tatizo lenyewe.

Korosho zina kasoro moja kwa mwenye treni: ni za msimu. Minada huanza Oktoba na kufikia mwanzo wa mwaka magunia yamekwisha. Lakini kabla yake kuna ufuta, unaouzwa katikati ya mwaka, na mbaazi zinazofuata. Ukiyapanga mazao hayo matatu kwa kalenda yake, miezi mingi ya mwaka inapata mzigo. Kurudi kutoka Mtwara kuna pembejeo, salfa ya kupulizia mikorosho, saruji, mafuta na bidhaa za dukani. Mzigo wa namna hii hautajirishi reli. Unaiweka hai siku ambazo mgodi umesimama.

Ili mzigo huo upande treni lazima kuwe na mahali pa kuupandishia, na hapa ndipo tofauti kati ya stesheni na kituo cha kupishania treni inapojitokeza. Treni ya madini haihitaji stesheni Masasi. Inahitaji njia ya pembeni ya kusubiri nyingine ipite, taa za ishara, na labda nyumba ya mfanyakazi mmoja. Ikiwa michoro itaachwa mikononi mwa mwenye madini peke yake, hicho ndicho Masasi itakachopata, na hatakuwa amevunja sheria yoyote.

Stesheni ya mji ni kitu kingine kabisa. Inataka jukwaa la abiria, eneo la mabasi na bodaboda, barabara ya lami hadi stendi, ghala lenye njia yake ya reli, uwanja wa makontena, na kreni. Inataka pia ardhi ndefu iliyo tambarare na iliyonyooka, kwa kuwa treni ya mizigo ina urefu wa mamia ya mita na haiwezi kupakiwa kwenye kona.

Masasi ardhi ya namna hiyo haiko kila mahali. Mji umekaa katikati ya milima ya majabali inayochomoza ghafla kutoka kwenye tambarare, Mkomaindo na Mtandi ikiwa miongoni mwake, na nyumba zimejaza nafasi zilizo kati ya miamba hiyo. Barabara nne zinakutana hapo: ya Mtwara na Lindi, ya Nachingwea, ya Tunduru na ya Newala. Kuelekea kusini kuna njia ya Mangaka na Mtambaswala, hadi Daraja la Umoja juu ya Mto Ruvuma lililofunguliwa Mei 2010 na Rais Jakaya Kikwete na Rais Armando Guebuza wa Msumbiji. Mji wa makutano kama huu hukua kwa kufuata barabara. Maeneo ya wazi yanayofaa kwa reli leo ndiyo yanayopimwa viwanja kesho.

Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba stesheni itawekwa pembezoni. Hilo si kosa peke yake. Dunia nzima reli mpya hukwepa katikati ya miji kwa sababu ya fidia na kona. Kosa ni kuiweka pembezoni halafu kuisahau.

Kenya ina mifano ya pande zote mbili. Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau, nje kidogo ya Nairobi. Ilikuwa stesheni ya kitongoji kwa maana kamili: ilijengwa mahali ambapo nyumba zilikuwa zinaongezeka kwa kasi, ikawekewa maegesho makubwa ili mwenye gari aliache hapo na kuingia mjini kwa treni, na safari zake zikapangwa kufuata saa za kazi. Miaka mitano baadaye, Mei 2017, ikazinduliwa reli ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi. Stesheni ya Mombasa iliwekwa Miritini na ya Nairobi huko huko Syokimau, zote mbali na katikati ya miji. Abiria aliyeshuka na mizigo yake alijikuta akitafuta matatu ya kumfikisha mjini, akitumia muda na fedha ambazo hazikuwamo kwenye nauli ya treni. Nairobi ilikuja kuongezewa treni ya kuunganisha. Ilikuwa dawa, lakini ilitolewa mgonjwa akiwa amekwisha lazwa.

Hapa nchini, SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, iliiweka stesheni ya Morogoro eneo la Kihonda, nje ya katikati ya mji. Morogoro ni mji mkubwa wenye daladala nyingi, hivyo pengo lilizibwa na wenye magari wenyewe. Masasi ni ndogo. Stesheni ikiwekwa kilomita 10 nje ya mji bila lami na bila mabasi, mkulima mwenye magunia matano atafanya hesabu mara moja tu na kurudi kwa mwenye Fuso.

Newala ni habari nyingine, na ni ngumu zaidi.

Mji huo umekaa kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, ukitazama bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Eneo maarufu la Shimo la Mungu linaonyesha kwa macho jinsi ukingo huo unavyoporomoka. Treni nzito za mizigo hupanda mwinamo wa mita moja, au mbili kwa shida, katika kila mita 100 za mwendo. Kuipandisha reli hadi Newala na kuishusha tena kungehitaji mzunguko mrefu, makorongo ya kuchimbwa na fedha ambazo hakuna shehena ya kuzirudisha. Yeyote anayeiahidi Newala treni ya SGR mlangoni anacheza na hesabu.

Njia kutoka Mtwara kwenda Masasi inalazimika kuuzunguka uwanda. Kaskazini kuna bonde la Lukuledi, upande ambao reli ya zamani iliufuata. Kusini kuna bonde la Ruvuma, lenye mafuriko na watu wachache. Ikipita kaskazini, wananchi wa uwandani wana milango miwili. Mmoja ni wa magharibi, kushuka kupitia Mwiti hadi Masasi. Mwingine ni wa kaskazini, kupitia Kitangari kushuka Mtama. Kwa mtu wa Kitangari anayepeleka korosho Mtwara, kwenda kwanza Masasi ni kurudi nyuma. Mtama ingemfaa zaidi, kama patakuwa na stesheni yenye ghala na si njia ya kupishania tu.

Hii ina maana kwamba stesheni ya Newala, kwa vitendo, ni barabara. Na hapo kuna habari njema. Barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi, yenye urefu wa kilomita 210, ambayo kwa miongo mingi imekuwa wimbo wa kila kampeni, ilishawekewa lami kilomita 50 za mwanzo hadi Mnivata. Kilomita 160 zilizobaki, pamoja na Daraja la Mwiti, zilipata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mikataba ya ujenzi ikatiwa saini mwaka 2023. Ikikamilika, korosho za Newala na Tandahimba zitakuwa na lami moja kwa moja hadi bandarini.

Hapo ndipo inapojitokeza hoja ambayo wapangaji wa reli hawana budi kuijibu kwa takwimu. Lori likishapata lami ya moja kwa moja kutoka ghala la Newala hadi gati la Mtwara, kwa nini mnunuzi ashushe magunia Masasi au Mtama, ayapakie kwenye behewa, kisha ayashushe tena? Kila kushusha na kupakia ni gharama, na umbali wa uwandani hadi Mtwara si mrefu kiasi cha kuifanya reli iwe nafuu yenyewe. Reli ya mwaka 1958 iliuawa na swali hili hili. Barabara zilipoanza kupitika, wafanyabiashara waliyachagua malori.

Jibu la haki ni kwamba reli haitaishinda barabara kwa korosho za Tandahimba, na haina haja ya kujaribu. Itashinda kwa mizigo inayotoka mbali, kama ile ya Tunduru, Namtumbo na Songea. Itashinda pia kama Masasi itakuwa na bandari kavu, ambako korosho zitajazwa kwenye makontena, kukaguliwa na kufungwa lakiri, kisha kontena kwenda bandarini bila kufunguliwa tena. Hapo kushusha na kupakia kunafanyika mara moja, na kunafanyika Masasi, kwa vijana wa Masasi. Katika msimu wa 2023/24 Serikali ilielekeza korosho za kusini zisafirishwe kupitia Bandari ya Mtwara, na foleni za malori mjini humo zikaonyesha kwamba kazi ya kujaza makontena haiwezi kubanwa yote kwenye eneo moja karibu na gati. Ingawa bandari ilishaongezewa gati jipya la mita 300, nyuma ya gati ndiko nafasi inakokuwa finyu.

Kuhusu abiria, ni vizuri matarajio yawe ya kiasi. Msafiri wa Masasi na Newala kwa kawaida anakwenda Dar es Salaam, na reli hii haiendi Dar es Salaam. Inakwenda mashariki na magharibi. Itakayemfaa ni safari ya Mtwara, kwenye ofisi za mkoa, vyuo na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, na safari ya Tunduru na Songea. Ni safari fupi, za watu wasio na fedha nyingi, wenye mizigo midogo. Treni ya haraka ya kifahari haitawafaa. Inayowafaa ni ile inayosimama kila kituo.

TAZARA inaweza kutoa ushahidi. Reli hiyo ya kilomita 1,860 ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China ili kuitoa shaba ya Zambia kwenye mikono ya walowezi wa Rhodesia. Shaba ndiyo iliyokuwa sababu. Lakini katika bonde la Kilombero treni ya kusimama kila kituo, iliyopewa jina la Kipisi, ilibeba mchele, ndizi na wachuuzi, na vijiji vikasogea karibu na stesheni. Shaba ilipopungua, bonde hilo halikuachwa na reli isiyo na kazi. Makambako nayo ilikua kwa kuwa hapo reli ilikutana na barabara kuu na ile ya Songea. Masasi ina sifa zile zile za makutano, na inazo kabla reli haijafika.

Kinachoweza kuharibu yote ni ardhi. Ushauri rahisi ni kutenga eneo la stesheni na ukanda wa reli mapema, kabla bei haijapanda. Ushauri huo una upande wa pili ambao wananchi wanaufahamu kuliko wataalamu. Mkulima akishaambiwa kwamba shamba lake limo ndani ya mradi, anaacha kupanda mikorosho mipya, kwa kuwa mkorosho hudai miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa na hakuna ajuaye kama utahesabiwa. Haongezi chumba kwenye nyumba. Benki haipokei shamba hilo kama dhamana. Mradi ukichelewa miaka kumi, mtu huyo amepoteza miaka kumi bila kuhamishwa na bila kulipwa. Wananchi wa Ludewa wamepitia hali hiyo kwa kuwasubiri wawekezaji wa Mchuchuma na Liganga.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 ilijaribu kuziba mwanya huo kwa kuweka kwamba fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, na kwamba uthamini uliopitisha miaka miwili bila malipo urudiwe. Ni ulinzi mzuri kwa aliyekwisha thaminiwa. Haumsaidii yule aliyewekewa kigingi tu.

Njia ya kati ipo, nayo ni kutenganisha mambo mawili. Ukanda mzima wa reli usiguswe hadi mwekezaji apatikane na usanifu wa kina ukamilike. Lakini eneo la stesheni na bandari kavu ya Masasi, ambalo ni dogo likilinganishwa na njia nzima, liainishwe na halmashauri katika mpango kabambe wa mji kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na lilipiwe fidia sasa. Hata reli ikichelewa, eneo la ghala na maegesho ya malori kando ya makutano ya barabara nne halitakosa kazi. Malori ya makaa pekee yangelijaza.

Hatua hiyo ingeipa pia Serikali nguvu mezani. Mwekezaji anayekuta stesheni imekwisha kupewa mahali pake, ardhi imelipiwa na barabara inafika, hana sababu ya kubisha. Anayekuta karatasi tupu ataweka njia ya pembeni ya kupishania treni na kuendelea na safari yake ya Liganga. Shirika la Reli Tanzania (TRC), kwa nafasi yake chini ya Sheria ya Reli ya mwaka 2017, linaweza kuweka sharti kwamba stesheni za miji zibaki mali ya umma hata kama njia itaendeshwa na mwenye mgodi, na kwamba mwenye treni ya korosho au ya abiria asizuiwe kuitumia njia hiyo. Sharti la namna hiyo huingizwa kwenye mkataba kabla ya saini. Baada ya saini linaitwa ombi.

Bajeti ya Wizara ya Uchukuzi husomwa bungeni kila mwaka, kwa kawaida mwezi Mei, na reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay hupata aya yake. Wabunge wa majimbo ya Masasi, Newala na Tandahimba wamezoea kusimama na kuuliza ujenzi utaanza lini. Wanaweza kuuliza pia katika michoro ya awali stesheni ya Masasi iko kilomita ngapi kutoka stendi ya mabasi, ina ghala la tani ngapi, na kama Mtama ina jukwaa la kupandia treni au ina taa za ishara tu.